Upasuaji na Ufungaji wa Vidonda vya Miguu kwa Wagonjwa wa Kisukari

Ndugu wa mgonjwa wa kisukari hushangaa wodini wanapoona daktari amefanya upasuaji kisha akakiacha kidonda wazi, tena kikiwa kikubwa kuliko kilivyoingia chumbani. Ndivyo inavyotakiwa. Kidonda cha namna hii hufungwa mwisho kabisa, na anayeharakisha kukishona hufungia usaha ndani.

Mambo matatu hukutana kwenye mguu huo. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu neva, mguu ukaingia ganzi: mtu hutembea na msumari ndani ya kiatu asijue, na sugu huota chini ya wayo huku nyama iliyo chini yake ikipondeka. Ateri zilizo chini ya goti hukakamaa na kuziba. Kisha bakteria huingia.

Kabla ya kushika kisu, daktari hupima damu inayofika mguuni. Kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono huweza kudanganya, kwa kuwa kalsiamu hujijenga kwenye kuta za ateri zikawa ngumu kubanwa. Kinachoaminika zaidi ni presha ya kidole gumba cha mguu. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitarajiwi kupona mpaka njia ya damu ifunguliwe. Daktari pia huingiza chuma butu kidondani. Kikigonga kitu kigumu, huenda ugonjwa umefika kwenye mfupa, hata kama eksirei ya wiki za mwanzo inaonyesha mfupa mzima.

Usaha ndio dharura yenyewe. Wayo umegawanyika katika vyumba vyembamba, na usaha hupanda kwa kufuata kano hadi kifundoni ilhali juu ngozi inaonekana imevimba kidogo tu. Homa inaweza isiwepo kabisa. Jipu la namna hii hupasuliwa ndani ya saa chache, halisubiri sukari ishuke kwanza wala antibiotiki zikamilishe kazi. Daktari hupasua kwa urefu na kuondoa kila nyama iliyokufa mpaka afikie ile inayotoka damu. Kidole kilichooza hutolewa pamoja na sehemu ya mfupa wa wayo unaokibeba. Hapa ndipo familia nyingi hukataa, na hofu yao inaeleweka. Lakini kidole kinachotolewa mapema mara nyingi ndicho kinachookoa goti. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi, kisicho na usaha, kinaweza kungoja mshipa ufunguliwe kwanza. Hufunguliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya ateri, au kwa kuunganisha vena ya mgonjwa mwenyewe ili damu ipite kando ya palipoziba.

Kidonda kikishakuwa safi na chenye damu ya kutosha, ndipo kufunga kunapofikiriwa. Kidogo huachwa kijae chenyewe. Kingine hushonwa baada ya siku kadhaa. Kilicho kirefu huwekewa sifongo, kikafunikwa kwa plastiki na kuunganishwa na pampu inayovuta majimaji, njia iliyoelezwa na Argenta na Morykwas wa Marekani mwaka 1997. Nyama nyekundu ikishajaa, ngozi nyembamba ya paja hupandikizwa juu yake. Ngozi hiyo hufaa mgongoni mwa mguu, lakini kwenye wayo hailingani na uzito wa mwili. Huko ni heri kuzungusha ngozi nene ya jirani pamoja na mafuta yake, au kupunguza mfupa uliojitokeza ili kingo za kidonda zikutane bila kuvutwa. Vidole vyote vikitolewa, ngozi ya chini hukunjwa juu, na mara nyingi kano ya Achilles hurefushwa, la sivyo huvuta kisigino juu na kidonda huzaliwa upya mbele.

Bila kuondoa uzito, hata mshono mzuri hufumuka. Daktari Paul Brand aliliona hilo kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, akawafunga plasta ngumu iliyokumbatia mguu wote. Baadaye, akiwa Carville, Louisiana, ujuzi huo ukawafikia wenye kisukari. Tanzania na India nazo ziliendesha mradi wa Step by Step, uliowafundisha madaktari na wauguzi kuhudumia miguu hii mapema.

Takriban wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja baada ya kupona. Kwa hiyo kliniki hukwangua sugu, hubadilisha viatu na kuangalia vidole vilivyojikunja, ambavyo ncha zake hukanyaga chini. Kidole cha hivyo hukatwa kano yake ya chini kwa ncha ya sindano nene, kikanyooka, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.