Kodi ya Kibanda Katika Nchi ya Mikindani na Ruvuma

Neno kodi katika Kiswahili lina kazi mbili: ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, tena ni malipo ya raia kwa serikali. Msomaji wa leo huzitenganisha maana hizi bila taabu. Lakini mtu wa nchi ya nyuma ya Mikindani alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba atoe kodi kwa ajili ya kibanda alichokijenga mwenyewe, kwa miti aliyoikata na udongo alioukanda, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani basi aliye mwenye nyumba.

Amri ya kodi hiyo ilitolewa na Gavana Eduard von Liebert mwezi wa Novemba 1897, ikaanza kutumika Aprili 1898. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zaidi ya hapo. Kwa watu wa Mpapura, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Mtwara, na wa vijiji vingine vya bara ya pwani ile, ugumu haukuwa katika hesabu ya rupia tu. Rupia zilikaa pwani, katika maduka na mikononi mwa wafanya biashara, wala hazikuota pamoja na mtama na mihogo. Mwanzoni serikali ilikubali kupokea nafaka, au kazi ya mikono. Na wakubwa wake hawakuficha kwamba kodi ilikusudiwa pia kumtoa mtu shambani kwake akafanye kazi ya mshahara, au apeleke sokoni kitu cha kuuza, kama vile mpira wa porini, nta au ufuta. Hivyo kodi ilikuwa mapato, tena ilikuwa fimbo.

Kwa nini kibanda, wala si mtu? Jibu ni jepesi. Serikali iliyokuwa na maofisa wachache haikuweza kuwahesabu watu: mtu huenda, hujificha, hubadili jina. Paa haliendi popote. Akida aliyepita njiani aliweza kuyahesabu mapaa, akamdai jumbe kwa hesabu hiyo. Lakini kipimo hiki kilikuwa na upofu mkubwa ndani yake. Hakikuuliza kilichomo chini ya paa. Mjane aliyelala juu ya mkeka mmoja na tajiri mwenye ghala iliyojaa waliweza kuandikwa kwa rupia zile zile.

Tena kulikuwa na jambo ambalo waandishi wa amri hawakulifikiri kabisa. Wamakonde, Wamwera na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa Wayao hasa desturi ilikuwa mume kuhamia kwa jamaa za mkewe. Mtu wa namna hiyo ni mgeni wa heshima katika mji wa wakweze. Sheria ikamwita mwenye kibanda, ikamdai yeye. Wala si ajabu kwamba, katika nchi nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya namna hii, watu walijifunza kujibana: ndugu wawili na wake zao chini ya paa moja, kijana akichelewa kujenga kwake, kibanda kibovu kikiachwa kianguke kabla ya siku ya kuhesabiwa.

Na paa nalo, ikibidi, huachwa. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekaa Luagala katika uwanda wa Wamakonde, alikwisha kumwandikia Wissmann mwaka 1890, kwa Kiswahili, akikataa kumtii. Mwaka 1899, madai ya kodi yalipofuatwa na askari, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Baadaye mto ulivukwa kwa upande wa pili. Kampuni ya Nyassa, iliyotawala kaskazini ya Msumbiji kwa niaba ya Wareno mpaka 1929, nayo ilitoza vibanda, tena kwa ukali, na Wamakonde wengi wakahamia Tanganyika, wengine wakipata kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani. Watu wa Kionga, kusini ya mlango wa mto, hawakuwa na haja ya kuvuka: Wajerumani waliichukua nchi yao mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916, na vibanda vikabadili mdai bila kusogea hata hatua moja.

Waingereza waliirithi kodi hii, wakaipanua kwa sheria ya 1922. Mwenye nyumba alilipia nyumba. Mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Mlango wa kujibana ukafungwa. Tangu hapo kichwa kilizidi kuwa ndicho kipimo, mpaka Tanzania huru ilipoifuta kodi ya kichwa mwaka 1969. Ikarudi katika miaka ya themanini kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003.

Kodi ya majengo iliyopo leo ina ukoo mwingine: ni ya miji, na chimbuko lake ni sheria ya mamlaka za miji ya 1983. Hapa historia imegeuka kwa namna ya kuchekesha kidogo, kwani nyumba ya udongo na ya nyasi, ile ile iliyowindwa mwaka 1898, sasa huachwa nje ya kodi. Lakini swali la kipimo halijafa. Kuthamini kila jengo ni kazi ghali, na halmashauri nyingi hazikuimaliza; ndipo kikatumika kiwango kimoja cha kukadiria. Tangu Agosti 2021 kodi hukatwa mtu anunuapo umeme, na mwaka 2023 nyumba ya kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 12,000 mpaka 18,000 kwa mwaka, na ya ghorofa kutoka 60,000 mpaka 90,000 kwa kila ghorofa. Mita imechukua mahali pa paa. Nayo, kama paa, haiulizi aliye ndani ni nani: mpangaji wa Mtwara mjini anayenunua umeme wa shilingi elfu chache hukatwa kwanza kodi ya jengo lisilo lake, halafu huachiwa kazi ya kumwendea mwenye nyumba, ambaye amekwisha kumlipa kodi ya mwezi, na kumwomba amrudishie.