Kalenda ya Mwezi Katika Kibao cha Rapa Nui

Februari 2024, watafiti walioongozwa na Silvia Ferrara wa Chuo Kikuu cha Bologna walitangaza matokeo ya kupima umri wa vibao vinne vya rongorongo vilivyohifadhiwa Roma, ikabainika kuwa mti wa kibao kimoja ulikatwa kati ya 1493 na 1509, zaidi ya miaka 200 kabla ya Mholanzi Jacob Roggeveen kufika Rapa Nui mwaka 1722, ilhali mbao za vile vitatu vingine ni za karne ya 19. Umri wa mti si lazima uwe umri wa mchongo, lakini matokeo hayo yametia nguvu hoja ya kwamba wenyeji wa kisiwa hicho, ambacho leo kimo chini ya Chile, walibuni maandishi yao bila kufundishwa na mgeni yeyote.

Rongorongo ni alama za watu, ndege, samaki na mimea, zilizochongwa kwa meno ya papa na vipande vya jiwe kali la volkano, na kila mstari umepinduliwa kichwa chini ukilinganishwa na uliotangulia, hivyo kwamba msomaji alilazimika kukigeuza kibao kila alipofika mwisho wa mstari. Hakuna aliyefaulu kuyasoma. Sehemu moja tu ndiyo ambayo wataalamu wengi wanakubaliana kuhusu maudhui yake, nayo imo katika kibao kiitwacho Mamari, cha mti wa mtakawa, ule ule unaoota kwenye fukwe za Afrika Mashariki. Katika mistari ya 6 hadi ya 9 ya upande mmoja wa kibao hicho, alama ya hilali inajirudia kwa mpangilio ambao Mjerumani Thomas Barthel aliutambua mwaka 1958 kuwa ni hesabu ya usiku wa mwezi.

Aliyefafanua namna hesabu hiyo inavyofanya kazi ni Jacques Guy, katika makala yake ya 1990. Hilali zimegawanywa katika mafungu, na kila fungu linatanguliwa na kikundi cha alama chenye samaki aliyening'inizwa kwenye uzi: mwezi unapokua, samaki huelekea juu, na unapopungua huelekea chini. Katikati ipo alama ya mwezi mpevu yenye umbo la mtu ndani yake. Usiku wa msingi ni 28, na mbili nyingine, Hotu na Hiro, huongezwa inapohitajika, kwa sababu mwezi huandama baada ya siku 29 na nusu hivi, na kalenda isiyo na nafasi ya kurekebishwa ingeachana na anga baada ya miezi michache.

Guy asingefika mbali bila orodha ya majina ya usiku iliyoandikwa na Mmarekani William Thomson, aliyefika kisiwani kwa meli ya Mohican mnamo Desemba 1886. Kwa maelezo ya Thomson mwenyewe, mzee Ure Va'e Iko, ambaye ujanani alimtumikia mfalme Nga'ara, alikataa kusoma vibao kwa hofu kwamba kufanya hivyo kungemkosesha wokovu aliohubiriwa na mapadri, akakimbilia vilimani. Mvua kubwa ilipomrudisha nyumbani, Thomson alimfuata usiku huo huo, akamlainisha kwa kileo na kumwonyesha picha za vibao vilivyokuwa kwa askofu Jaussen wa Tahiti, na mzee akaghani bila kusita. Picha zilipobadilishwa aliendelea kughani vile vile, akatuhumiwa kuwa laghai. Tuhuma hiyo si ya haki hata kidogo, kwa kuwa mtu aliyehifadhi tenzi kichwani kwa miaka mingi, kisha akashurutishwa kuzitoa gizani na mgeni aliyekuwa na haraka ya kuondoka, hakuwa na deni la kuthibitisha lolote.

Walioweza kuthibitisha walikuwa wameshatoweka. Kuanzia Desemba 1862 wavamizi kutoka Peru waliteka watu zaidi ya 1,000, wajuzi wa vibao wakiwamo, na wachache waliorudishwa walileta ndui. Kufikia 1877 kisiwa kilikuwa na watu 111 tu.

Kuhusu nyota, ushahidi uko nje ya vibao. Kilimia, kundi la nyota liitwalo Matariki kwa Wamaori na Makali'i kwa Wahawaii, ndicho kilichofungua mwaka katika visiwa vingi vya Polinesia: Wamaori hukitazamia alfajiri kati ya Juni na Julai, ilhali Wahawaii walikitazamia jioni mwezi Novemba. Huko Rapa Nui, Katherine Routledge, aliyefanya utafiti kati ya 1914 na 1915, alionyeshwa upande wa mashariki mwamba ulioitwa Papa ui hetu'u, yaani mwamba wa kutazamia nyota. Ni jambo la kawaida, basi, kwa wanaotafuta ufunguo wa rongorongo kudai kwamba alama hii ni Matariki na ile ni nyota tatu za Tautoru, lakini madai hayo hayajapata orodha kama ile ya Thomson ya kuyapima, wala mfuatano unaojirudia kama wa Mamari. Vibao na vitu vingine vyenye maandishi hayo, vipatavyo 25, vimetawanyika Roma, St Petersburg, London, Washington, Santiago na kwingineko, na Rapa Nui hakikubaki hata kimoja, jambo ambalo makumbusho zinazovihifadhi zinapaswa kulirekebisha.