Kutoka Ngano hadi Filamu: Fantasia na Hadhira Yake, Kuanzia Butali

Utangulizi

Butali ni mji mdogo wa soko ulio kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, katika nchi ya Wakabras, tawi mojawapo la Waluhya. Ni mahali pa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, wala si jina litajwalo katika historia ya sinema. Hata hivyo, swali la jinsi hadithi ya ajabu inavyotoka kitabuni na kuingia katika filamu hueleweka vyema zaidi likitazamwa kutoka mahali kama hapo kuliko likitazamwa kutoka London au Hollywood. Huko ng'ambo mjadala huwa juu ya pande mbili, kitabu na filamu, na mhakiki huuliza kama filamu imekuwa aminifu kwa kitabu. Katika Butali pande ni tatu. Kabla ya kitabu palikuwapo ngano, na ngano haikuondoka kitabu kilipofika.

Makala haya yanafuatilia historia ya pande hizo tatu katika Afrika Mashariki. Yanadai kwamba raha ya fantasia kwa hadhira hii haikutegemea uaminifu wa filamu kwa kitabu. Ilitegemea ni nani aliyeshika sauti ya msimulizi.

Ngano na Kitabu

Mtoto wa Kiluhya hakungoja shule ili akutane na viumbe wasiokuwapo. Amanani, majitu yalayo watu, walikaa katika hadithi za jioni kama vile mazimwi walivyokaa katika ngano za Waswahili wa pwani. Msimulizi aliwapa sauti, akawanenepesha au kuwakondesha kwa kadiri ya hadhira yake, na hapana aliyemlaumu kwa kuibadili hadithi.

Vitabu vya Kiswahili vya wakati wa ukoloni viliikuta hali hiyo. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Mwaka uliofuata Johnson akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Mwaka 1940 ilitoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Malet ya kitabu cha Lewis Carroll. Jambo la kuzingatia katika Elisi ni kwamba mabadiliko hayakuishia kwenye maneno. Michoro nayo ilifanywa upya, na Elisi akatokea akiwa msichana wa Kiafrika. Yaani miaka kumi na mmoja kabla ya filamu ya Walt Disney ya mwaka 1951, Elisi wa Kiswahili alikuwa amekwisha kupewa sura nyingine.

Waandishi wenyeji nao hawakuona haya kugeuza. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alichukua kisa kinachofahamika katika Alfu Lela Ulela, cha mtawala anayelazimika kila usiku kuwapiga ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama. Katika kisa cha asili wanyama hao ni mbwa. Kwa Shaaban Robert ni nyani. Badiliko ni dogo, lakini lina uzito. Mbwa amezoea fimbo ya mwanadamu. Nyani ana mikono na uso unaokaribia wa anayempiga. Kwa kumbadilisha mnyama, mwandishi amefanya adhabu iwe nzito kwa anayeitoa kuliko kwa anayeipata, na huruma ya Adili ikawa ndiyo kiini cha kitabu. Mhakiki anayepima kwa uaminifu peke yake angeliita hilo kosa, naye angekuwa amelipita bila kuliona jambo lililo bora katika kazi hiyo.

Sinema Iliyonyimwa Ajabu

Historia ya filamu ilianza kwa njia tofauti. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu na kuzitembeza kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda idara ya filamu za makoloni, iliyoongozwa na William Sellers. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hana budi kuonyeshwa picha za polepole na zilizo wazi, zisizo na hila za kamera, kwa kuwa hila zingemchanganya.

Hapa ndipo penye kinaya kikubwa cha historia hii. Katika muda usiozidi miaka miwili, dola ileile ilishuhudia mambo mawili yasiyopatana. Msomaji wa Kiswahili alipewa kitabu ambamo msichana hunywa dawa akapungua kimo na paka hutoweka akabakiza tabasamu lake. Mtazamaji akaamuliwa kuwa hawezi kufahamu picha isiyo ya kawaida. Uamuzi huo haukutokana na ujuzi wa hadhira. Mtu aliyekulia katika hadithi za amanani hakuhitaji kufundishwa kwamba kuna ukweli wa hadithi na ukweli wa shamba. Aliyekosa ujuzi huo ni yule aliyemwandikia kanuni.

Filamu ya Sulemani ya mwaka 1950, iliyotengenezwa na kampuni ya MGM, ilitengenezwa kwa kanuni nyingine. Sehemu kubwa ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Katika riwaya, Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake. Katika filamu, mke, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anamtafuta mumewe aitwaye Curtis. Riwaya ilisimama juu ya lugha na desturi zilizo karibu na za Wazulu, lakini katika filamu husikika Kiswahili. Hivyo ndivyo ajabu ya Kusini ilivyovikwa sauti ya Mashariki. Wenye sauti hiyo walikuwamo ndani ya filamu, lakini wakiwa wapagazi. Usimulizi haukuwa wao.

Sauti Yarudi Kibandani

Kibanda cha video kilibadili jambo hilo. Katika masoko ya Afrika Mashariki, kwa ada ndogo, watu waliketi mbele ya televisheni moja na kutazama filamu za Hong Kong, India na Marekani. Wakatokea wasimulizi waliozitia sauti upya: Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na wenzao wa Uganda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huwatania, hutabiri kitakachotokea na kuisemesha hadhira. Kwa nadharia ya tafsiri ni mharibifu. Kwa nadharia ya fasihi simulizi ni fanani kamili, naye amefanya lile ambalo bibi alilifanya jikoni: ameichukua hadithi ya ugenini akaitawala.

Kisha Februari 2018 filamu ya Black Panther, iliyotokana na vitabu vya katuni vya Marekani vilivyoanza kumchora mhusika huyo mwaka 1966, ilizinduliwa Kisumu, mji wa magharibi mwa Kenya wenye nasaba na mwigizaji Lupita Nyong'o. Wakanda ni nchi ya kubuni iliyowekwa Afrika Mashariki, lakini watu wake husema Kixhosa, lugha ya Kusini. Filamu ya mwaka 1950 ilichukua hadithi ya Kusini ikaipa lugha ya Mashariki. Hii ya mwaka 2018 ikafanya kinyume chake. Katika zote mbili mahali na lugha vilipangwa mbali na wenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii Mwafrika alikuwa mfalme na si mpagazi, na tofauti hiyo si ndogo.

Hitimisho

Wasanii wa Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba fantasia inaweza kuanzia nyumbani. Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu na Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya ni ushahidi wa kutosha. Lakini filamu hizo hazikutokana na riwaya za Kiswahili, ilhali riwaya zenyewe zipo: Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi na Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila ni baadhi tu.

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani, vizazi vya wasomaji vimelelewa Butali na kwingineko, vyenye uwezo wa kusoma vitabu hivyo. Siku riwaya mojawapo itakapofanywa filamu, mhakiki asiharakishe kuhesabu kurasa zilizoachwa. Aulize kwanza kama aliyeketi kibandani anasikia katika filamu hiyo sauti anayoweza kuijibu. Ngano haikuwahi kudai zaidi ya hilo, wala haikuwahi kuridhika na pungufu yake.