Arobaini Ikipita, Nani Anamtazama Mzazi?

Pwani ya Waswahili, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hukingwa na baridi kuliko kitu kingine chochote. Korea mzazi alitengwa siku 21: kamba ya majani ya mpunga ilitundikwa langoni kuwazuia wageni, naye akapewa supu ya mwani, miyeok-guk, ambayo wazazi huinywa hadi leo. Huko nako adui ni baridi. Mzazi anayeumwa viungo na kuhisi ubaridi usiokwisha husemwa ana sanhupung, yaani upepo wa uzazi umempenya.

Mwaka 1948 daktari wa New Zealand, H. E. W. Roberton, alieleza habari za wanawake waliokuwa wachovu, wenye kuhisi baridi na nywele zilizoharibika baada ya kujifungua. Aliwapa dawa iliyotokana na tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni. Si kila baridi ya uzazi hutoka kwenye tezi hiyo, lakini bibi wa Lamu, bibi wa Korea na daktari huyu waliitilia maanani dalili ileile. Walitofautiana kuhusu chanzo.

Tezi hiyo ikivurugika baada ya uzazi, mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili. Wakati wa mimba hupunguza makali. Baada ya kujifungua huyarudisha, na kwa baadhi ya wanawake huishambulia tezi. Mwaka 1982 Nobuyuki Amino na wenzake wa Japani walionyesha kwamba hali hii huwapata takriban wazazi 5 katika 100. Na Japani ni nchi ya walaji wakubwa wa mwani. Kwa hiyo supu ya mwani, pamoja na utajiri wake wa madini joto ambayo tezi huyahitaji, si kinga. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku, na kwetu chumvi iliyotiwa madini hayo husaidia sana kuyapata. Yakizidi mno, nayo huisumbua tezi.

Kasoro ya mila zote mbili iko kwenye kalenda. Wala hospitali haina la kujivunia, maana nayo humaliza uangalizi wa mzazi wiki ya 6, yaani siku 42. Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza kati ya mwezi wa 1 na wa 6 kwa moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kukonda. Kisha, kati ya mwezi wa 4 na wa 8, huweza kugeuka: uchovu, baridi, ngozi kavu, huzuni. Siku za mwizi ni arobaini, lakini mwizi huyu mara nyingi huingia arobaini ikishatoka. Jamaa wamerudi makwao, na mama huambiwa ni mvivu au amehusudiwa.

Wengi hupona ndani ya mwaka. Wachache huhitaji vidonge maisha yao yote. Arobaini tuitunze, ila tuiongezee muda. Mtoto akipelekwa kuchanjwa surua mwezi wa 9, muuguzi, mama mkwe, shangazi, muulizeni na mama anajisikiaje. Akijibu kwamba amechoka na anahisi baridi, apimwe damu ili ijulikane tezi inafanyaje kazi.