Mpira wa Vinyoya: Mazoezi Makubwa Katika Eneo Dogo

Mkazi wa Chang'ombe, wilayani Temeke, anaishi jirani na viwanja maarufu kuliko vyote nchini. Uwanja wa Uhuru, zilikofanyika sherehe za uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba 1961, unapakana na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watazamaji 60,000. Hata hivyo, siku ya mechi wanaopata mazoezi ni wachezaji 22 na waamuzi wao. Maelfu waliobaki wamekaa vitini, na wengi wao hawajacheza mchezo wowote tangu walipomaliza shule.

Sababu mojawapo ni nafasi. Uwanja wa soka wenye vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, unahitaji zaidi ya mita za mraba 7,000, na katika mitaa iliyojengwa nyumba kwa nyumba eneo la ukubwa huo halipatikani tena. Uwanja wa mpira wa vinyoya una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, yaani takriban mita za mraba 82. Ukumbi wa shule, ua wa taasisi au kipande cha saruji kinachotumika kuegesha magari mchana kinaweza kutosha. Wavu hufungwa kwenye nguzo kwa kimo cha mita 1.55, na kinachopigwa ni kinyoya chenye uzito wa takriban gramu tano, kilichotengenezwa kwa manyoya 16 ya bata au bata bukini, au kwa nailoni, ambayo hudumu zaidi.

Wepesi wa kinyoya huwafanya watazamaji wengi waudharau mchezo huu. Ukweli ni kwamba mchezaji hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinama, huruka na kurudi katikati, kisha hupumzika kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza tena. Kupanda na kushuka huko kwa mapigo ya moyo huimarisha moyo na mapafu. Misuli ya miguu inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, jambo lenye manufaa kwa mtu aliye katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Kuruka na kutua huisukuma mifupa kujijenga, ilhali kukifuatilia kinyoya kinachobadili mwendo angani hunoa uwiano wa macho, mikono na miguu, ambao hupungua kadiri umri unavyosonga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia watu wazima zaidi ya 80,000 wa England na Scotland kwa wastani wa miaka tisa, ulibaini kuwa waliocheza michezo ya raketi, ukiwemo mpira wa vinyoya, walikuwa na uwezekano wa kufariki uliopungua kwa asilimia 47, na kwa vifo vitokanavyo na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, kwa asilimia 56. Utafiti mwingine, wa jijini Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha mpira wa vinyoya na ongezeko la miaka 6.2 ya kuishi ikilinganishwa na watu wasiofanya mazoezi. Soka ilikuwa na miaka 4.7 na kukimbia polepole miaka 3.2.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Hazithibitishi kwamba raketi pekee ndiyo iliyorefusha maisha, kwa kuwa wachezaji wa michezo hiyo huko Ulaya mara nyingi wana kipato kizuri na huduma bora za afya. Watafiti wa Copenhagen walitaja pia jambo ambalo mtu wa uswahilini atalielewa bila kufafanuliwa: mchezo huu hauchezwi peke yako. Anayekimbia peke yake akikosa siku moja, hakuna anayemuuliza. Anayesubiriwa na wenzake watatu hupigiwa simu.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika ongezeko la magonjwa yasiyo ya kuambukiza nchini. Mwezi Desemba 2016 Rais Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua jijini Dar es Salaam kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku moja kwa mwezi ni mwanzo tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75. Vipindi vitatu vya dakika 50 vinatimiza kiwango hicho.

Kwa kuwa wapinzani hutenganishwa na wavu, hakuna kugongana. Baba anaweza kucheza na binti yake, na mwanamke aliyevaa mavazi ya stara akacheza bila usumbufu.

Kikwazo kikubwa cha Dar es Salaam ni upepo wa bahari, ambao hukipeperusha kinyoya hasa nyakati za alasiri. Wasio na ukumbi hucheza alfajiri, kabla upepo haujakolea na kabla ya jua kali.

Mwenye shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi apime afya na kupata ushauri wa daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini awe na kitu cha sukari karibu. Viungo vipashwe moto kwa takriban dakika kumi, kwani mshipa mnene ulio juu ya kisigino hukatika kwa urahisi mtu anapochomoka ghafla. Na mchezaji avae raba zenye soli inayoshika sakafu, si kandambili. Katika mchezo wa wawili wawili, aliye mbele asigeuke kumtazama mwenzake aliye nyuma, kwa sababu kinyoya ni kidogo kiasi cha kuingia katika tundu la jicho. Anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu aache kucheza mara moja na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.