Umiliki wa Sehemu na Shirika: Unachonunua Ukinunua Fleti Pwani ya Hispania

Mtu anayenunua fleti Torrevieja, Benidorm au mji mwingine wa pwani ya mkoa wa Alicante, kusini-mashariki mwa Hispania, hukutana na istilahi moja karibu kila anapofunua karatasi: *propiedad horizontal*. Imo katika hati ya mauzo inayosainiwa mbele ya notario, yaani afisa wa sheria anayethibitisha hati, imo katika muhtasari unaotolewa na daftari la usajili wa mali, na inamfuata baadaye katika barua za mchango wa lifti na rangi ya ukuta. Neno kwa neno ni "umiliki wa mlalo". Msemaji wa Kiswahili akiambiwa hivyo tu, hajaambiwa kitu. Tena anaweza kusaini akidhani amenunua nyumba, kumbe amenunua mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na mawili kati ya hayo yana gharama zisizoisha siku ya kukabidhiwa funguo.

Kwa hiyo kuipatia istilahi hii jina la Kiswahili ni jambo lenye uzito. Jina likisema nusu ya maana, mnunuzi naye ataelewa nusu ya alichonunua.

Mlalo umetoka wapi

Sheria ya Warumi ilishika kanuni moja: jengo hufuata ardhi. Mwenye kiwanja ndiye mwenye kila kilichojengwa juu yake, tangu msingi hadi paa. Mipaka ya viwanja nayo husimama wima: ukuta, ua, uzio. Jengo la ghorofa lenye wenyewe wengi haliingii katika kanuni hiyo, kwa sababu mpaka kati ya mwenye ghorofa ya tatu na mwenye ghorofa ya nne ni sakafu, na sakafu imelala. Hapo ndipo wanasheria walipoupata huo mlalo.

Ufaransa iligusa jambo hili mapema. Sheria yake ya kiraia ya mwaka 1804 ilieleza nani atengeneze paa na ngazi pale ghorofa za nyumba moja zinapokuwa na wenyewe mbalimbali. Sheria ya kiraia ya Hispania ya mwaka 1889 ikaweka kanuni za namna hiyo katika ibara ya 396. Lakini ibara moja haikutosha miji ilipoanza kupanda juu. Benidorm ilipitisha mpango wake wa mji mwaka 1956, na kijiji cha wavuvi kikageuka msitu wa minara inayotazama bahari. Tarehe 21 Julai 1960 Hispania ikatunga sheria kamili, namba 49 ya mwaka huo. Imerekebishwa mara nyingi, lakini ndiyo inayotawala fleti za nchi hiyo hadi leo. Waturuki walilitazama jambo hilo hilo wakaliita *kat mülkiyeti*, yaani umiliki wa ghorofa, katika sheria yao namba 634 ya mwaka 1965. Anayenunua fleti Alanya, pwani ya Uturuki, atalikuta jina hilo katika hati yake.

Kutenganisha jengo na ardhi si jambo geni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mombasa ina mitaa ya nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Minazi pia imewahi kumilikiwa na mtu asiye na ardhi iliyoiotesha. Msomaji wetu basi hashangai kusikia kwamba mtu anaweza kuwa na ghorofa ya tano bila kuwa na kiwanja cha peke yake. Kinachohitaji maelezo ni upande wa pili: Hispania, ardhi iliyo chini ya jengo haina bwana mwingine wa kulipwa kodi. Ni ya wenye fleti wote kwa pamoja.

Mambo matatu ndani ya hati moja

La kwanza ni sehemu yako. Sheria ya Hispania inaieleza kuwa ni nafasi iliyowekewa mipaka ya kutosha na inayoweza kutumika peke yake. Hiyo ni yako kamili: unaiuza, unairithisha, unaiweka rehani bila kuomba ruhusa ya jirani.

La pili ni mali ya wote: ardhi, msingi, nguzo, kuta za nje, paa, ngazi, lifti, korido, mabomba makuu. Kila fleti ina hisa katika mali hiyo, nayo huandikwa kwa asilimia. Hisa hupangwa kwa kutazama ukubwa wa fleti, iko upande gani wa jengo, na huduma za pamoja inatarajiwa kuzitumia kiasi gani. Huwezi kuuza fleti ukabaki na hisa, wala kuuza hisa ukabaki na fleti. Tuseme hisa yako ni asilimia 2.5 na lifti mpya inagharimu euro 50,000. Kama hati za jengo hazikupanga mgawo mwingine, fungu lako ni euro 1,250, hata kama unakuja mwezi mmoja tu kwa mwaka.

La tatu ni uanachama. Kusaini hati kunakuingiza katika jumuiya ya wamiliki, na huwezi kujitoa ukiwa bado na fleti. Jumuiya hukutana angalau mara moja kwa mwaka, huweka daftari la kumbukumbu za vikao, na huwa na mwenyekiti anayetoka miongoni mwa wamiliki. Akikosekana wa kuchaguliwa, kazi hiyo hupewa watu kwa zamu au kwa kura ya bahati, na aliyepewa hawezi kukataa hivi hivi. Akiwa na sababu, aende kwa hakimu ndani ya mwezi mmoja. Mgeni aliyenunua kwa ajili ya kupumzika naye anaweza kuangukiwa na zamu.

Uanachama huu una meno. Asiyelipa michango yake anaruhusiwa kusema kikaoni, lakini hapigi kura. Jumuiya inalazimika kuwa na akiba isiyopungua asilimia 10 ya bajeti yake ya kawaida ya mwisho. Na kuna kanuni ambayo kila mnunuzi anapaswa kuishika kwa mikono miwili: deni la michango hufuata fleti. Mwenye zamani akiondoka bila kulipa, fleti yenyewe inadaiwa kwa mwaka wa mauzo na miaka mitatu ya kalenda iliyotangulia. Ndiyo maana sheria inamtaka muuzaji aje kwa notario na cheti cha jumuiya kinachoonyesha kama anadaiwa au hadaiwi. Katibu wa jumuiya ana siku saba za kukitoa, na mwenyekiti hukiidhinisha. Mnunuzi anaweza kumsamehe muuzaji asikilete cheti hicho. Asikubali kufanya hivyo.

Jumuiya ina kauli pia juu ya namna utakavyoitumia sehemu yako. Tangu tarehe 3 Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha fleti yake kwa watalii anahitaji kwanza idhini ya wazi ya jumuiya, kwa kura za tatu kwa tano: yaani kila wamiliki watano, watatu wakubali, na hisa zao pia zifikie kiwango hicho. Anayepiga hesabu ya kulipia mkopo kwa pesa za watalii asome kwanza daftari la vikao.

Majina yanayoshindana

"Umiliki wa mlalo" ni tafsiri ya herufi. Inaeleza sakafu, haielezi haki. Isitoshe, nyumba za safu zenye bustani na bwawa la kuogelea la pamoja, ambazo zimejaa pembezoni mwa Torrevieja, zinaweza kutawaliwa na sheria hiyo hiyo, na humo mpaka kati ya jirani na jirani ni ukuta uliosimama.

"Umiliki wa ghorofa" unapotosha zaidi. Kwa Kiswahili, mwenye ghorofa ni mtu aliyejenga jengo zima.

"Kondominio" ni neno la Kilatini lenye maana nzuri ya kumiliki pamoja, na Zanzibar imelitumia katika jina la Kiingereza la sheria yake namba 10 ya mwaka 2010. Tatizo ni kwamba halimwambii chochote msomaji asiyejua Kilatini. Litamjia kama jina la aina ya jengo la kifahari, naye hatafikiri kuwa ni namna ya kumiliki.

"Umiliki wa sehemu ya jengo" ndiyo njia iliyozoeleka Tanzania, ambako sheria ya jambo hili ilitungwa mwaka 2008. Ni jina safi na lina ukweli. Upungufu wake ni kwamba linataja jambo la kwanza na kunyamazia la pili na la tatu, na huko ndiko mnunuzi anakoumia.

Napendekeza basi "umiliki wa sehemu na shirika". Kiswahili kina *shirika* kwa maana mbili, na zote zinahitajika hapa. Maana ya kale ni kuwa na kitu pamoja na wengine: shamba la shirika, kisima cha shirika, mali ya shirika. Maana ya leo ni chombo chenye viongozi, vikao na mfuko. Fleti ya Hispania inampa mnunuzi hayo yote: mali ya shirika chini ya miguu na juu ya kichwa chake, na shirika lenye mwenyekiti na katibu. Sioni neno jingine la Kiswahili linaloyabeba mawili hayo kwa pamoja.

Jina hili linazaa jamaa zake bila taabu. Asilimia iliyoandikwa katika hati ni *hisa ya shirika*. Paa na lifti ni *mali ya shirika*. Malipo ya kila mwezi au kila robo mwaka ni *mchango wa shirika*. Mkutano wa wamiliki ni *baraza la wamiliki*. Karatasi ya kwenda nayo kwa notario ni *cheti cha kutodaiwa*.

Jamaa mmoja hahitaji hata kutafsiriwa. Kabla ya hati ya mwisho, mnunuzi hutoa pesa za kufunga mapatano, zinazoitwa *arras*. Zikiwa za aina inayotajwa na ibara ya 1454 ya sheria ya kiraia, mnunuzi akigeuka anazipoteza, muuzaji akigeuka anarudisha maradufu. Kiswahili kinaziita *arubuni*. Arubuni imetujia kwa Kiarabu, *arras* imewafikia Wahispania kupitia Kigiriki na Kilatini, na shina lao ni moja la Kisemiti.

Kwa nini tunalihitaji hapa kwetu

Istilahi hii haitaishia kwa walio Ulaya. Kenya ilitunga upya sheria yake ya umiliki wa sehemu mwaka 2020, na anayenunua fleti Nyali au Kilimani sasa anaweza kupata hati yake mwenyewe pamoja na hisa katika mali ya pamoja. Dar es Salaam na Unguja fleti zinauzwa zikiwa bado michoro. Mabaraza ya wamiliki yatakuja, michango itadaiwa, na kesi zitafika mahakamani. Watafsiri wa sheria, mawakili na madalali wakitumia jina linalosema yote, mnunuzi atajua maswali ya kuuliza mapema.

Nayo maswali yako ndani ya jina lenyewe. Ukiambiwa "hii hapa fleti yako", iwe Torrevieja au Mombasa, uliza: sehemu yangu inaanzia wapi na kuishia wapi? Hisa yangu ni asilimia ngapi? Na shirika lina akiba kiasi gani, linadai nani, na limeazimia nini katika kikao chake cha mwisho? Asiyeweza kukujibu kwa maandishi hajawa tayari kukuuzia.