Mtandamboo

Mtandamboo (jina la kisayansi: Carissa spinarum, katika vitabu vingi vya zamani Carissa edulis) ni kichaka chenye miiba cha familia Apocynaceae katika oda Gentianales. Humea katika nyika, kando ya misitu na kwenye vilima vya mawe barani Afrika, Bara Arabu, Asia ya Kusini hadi Australia. Wajaluo hukiita ochuoga, Wamaasai olamuriaki na Wasonjo mugariga.

Maelezo

Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na yakikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo na hunukia vizuri. Matunda huanza mekundu, yakiiva huwa meusi na matamu. Wachungaji huyala sana.

Jina

Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliuona mmea huu Yemen, alikofariki mwaka 1763. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775, na kutoka kwake likaja neno edulis, yaani “unaolika”. Lakini Linnaeus alikuwa ameshatoa jina Carissa spinarum mwaka 1771. Wataalamu walipoamua kwamba ni spishi moja, jina la kwanza ndilo lililobaki, kama kanuni ya uainishaji inavyotaka.

Matumizi ya dawa

Sehemu inayotumika zaidi ni mizizi. Huchemshwa na kunywewa kwa maumivu ya viungo, homa, kifua na minyoo. Wamaasai huitia pia katika supu ya nyama.

Mmea huu ulipata sifa kubwa mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo ya mashariki ya Hifadhi ya Serengeti ukitokea Mugumu. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500. Ilisemekana kinaponya UKIMWI, kisukari, kansa na pumu. Maelfu ya watu walikwenda, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na baadhi ya wagonjwa waliotolewa hospitalini walifia njiani. Hakuna utafiti uliothibitisha uponyaji huo. Hatari kubwa haikuwa kikombe chenyewe bali kuacha dawa za hospitali baada ya kukinywa. Mwasapile alifariki mwaka 2021.

Kufanana na msunguti

Katika familia hiyohiyo kuna msunguti (Acokanthera schimperi), olmorijoi kwa Kimaasai. Nao una utomvu mweupe, majani yanayotazamana, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Hata hivyo una wabaini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wawindaji wa Afrika ya Mashariki, Wakamba wakiwemo, huchemsha mbao na mizizi yake mpaka ipatikane lami nyeusi ya kupaka mishale.

Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna kabisa. Alama hiyo humsaidia anayechimba dawa mwenyewe porini. Mizizi iliyokwisha kukatwa na kukaushwa haina miiba wala majani, kwa hiyo mnunuzi sokoni hana budi kutegemea neno la muuzaji.